Eleanor Coade, Bibi wa Jiwe la Tanurini

Wapitao kando ya daraja la Westminster, jijini London, humwona simba mkubwa aliyesimama hapo kana kwamba ameundwa jana, ingawa ni wa mwaka 1837. Wengi hudhani amechongwa kwa jiwe. La hasha! Ni udongo uliochomwa tanurini, na sifa ya udongo huo ilijengwa na mwanamke, Eleanor Coade, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, mwaka 1733.

Mwaka 1769 alikitwaa kiwanda cha Daniel Pincot mtaani Lambeth, akamwacha Pincot awe msimamizi. Bwana huyo akazidi kujinadi kuwa ndiye mwenye mali. Mwaka 1771 Coade alimfuta kazi, tena akatangaza hayo magazetini, kisha akamwajiri mchongaji hodari, John Bacon.

Udongo laini ulichanganywa na vigae vilivyosagwa, gumegume, mchanga na unga wa kioo, ukashindiliwa katika kalibu, ukachomwa kwa siku nne. Mvua na moshi wa London havikuudhuru. Hata Mfalme George III akawa mteja.

Coade hakuolewa kamwe. Yamkini alijua hesabu yake: kwa sheria ya zama hizo, mali ya mke ilikuwa ya mume, na kiwanda kingemponyoka siku ya harusi. Alipofariki mwaka 1821, wosia wake uliwakumbuka wanawake wengi. Baadhi yao walikuwa wameolewa. Hao aliwawekea sharti kwamba waume zao wasiziguse fedha hizo.