Jules Cornet, mtu aliyechora mawe ya Katanga

Kila mara mkubwa wa serikali akisimama mbele ya mikro kusema juu ya utajiri wa Kongo, anarudilia lile neno la scandale géologique. Hata watoto wa shule huku Luhwindja wanalijua. Lakini uliza kwenye carrière nani alilileta, wengine watakuambia ni Mobutu, wengine Lumumba. Hapana. Neno hilo wanalihesabia Mbelgiji mmoja, Jules Cornet, aliyepita ku Katanga mwaka 1892 na nyundo, busole na vitabu vya kuandikia. Ninaandika juu yake leo, si kwa kumsifu sana. Ni yeye aliyechora karte ya kwanza ya mawe ya Katanga, na ukifuata maisha yake unaelewa haraka kwamba karte haziko za namna moja. Siye tunaolala juu ya dhahabu, karte ndiyo inaamua nani anachimba wapi na nani anahama. Inafaa tujue kuisoma.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1865 Saint-Vaast, upande ule wa Ubelgiji wa makaa ya mawe. Baba yake, François-Léopold Cornet, alikuwa injinia wa migodi na mjuzi wa mawe. Kwa hiyo ni mtoto wa migodi sawa watoto wetu, ila wa yule anayeshika plan ya mgodi, si wa yule anayeshuka na taa. Jules alisoma sayansi ya asili ku chuo kikuu cha Gand. Alikuwa na miaka 26 wakati Compagnie du Katanga ilimchukua kwa safari.

Hapa inafaa tusimame kidogo, juu kabla ya karte ya Cornet kulikuwa karte ingine.

Mwaka 1885, tarehe 1 Agosti, mfalme Leopold II alitangazia mataifa ya Bulaya mipaka ya nchi aliyosema ni yake. Katanga ilikuwa ndani. Na wakati ule hakukuwa hata mtu wake mmoja aliyefika kwa Msiri, mfalme wa Bayeke, ku Bunkeya. Msiri alikuwa ametoka Unyamwezi, ile ambayo leo iko Tanzania, akajenga utawala mkubwa kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Alikuwa akitawala, akikusanya ushuru, akihukumu, na kumbe kwenye karatasi ya Bulaya nchi yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mwingine. Hiyo ndiyo karte ya siasa: inaonyesha mipaka na nani anajidai mwenyewe. Haikuambii mlima uko wapi wala chini ya udongo kuna nini. Na usidanganyike, si lazima watu wa pale wawe wamekubali, wala hata wamesikia.

Waingereza wa Cecil Rhodes nao walikuwa wanaitaka Katanga. Walituma watu kwa Msiri, akawakatalia. Ndipo Leopold akaharakisha. Compagnie du Katanga ilianzishwa Aprili 1891, na misafara ikatumwa. Msafara wa Stairs ulifika kwa Msiri. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na kapiteni Bodson, wa msafara ule.

Cornet alikuwa kwenye msafara mwingine, wa kapiteni Lucien Bia na luteni Émile Francqui. Walifika Bunkeya mwezi wa Januari 1892, wakakuta Msiri amekufa, mji umevunjika na njaa iko kali. Chakula hakikupatikana hata kwa kununua. Wapagazi walikufa wengi sana kwa njaa na magonjwa ya tumbo. Bia mwenyewe alikufa Ntenke tarehe 30 Agosti 1892, Francqui akachukua uongozi. Mimi nikisoma hadithi za safari hizi, naona majina ya wazungu watano au sita yanarudi kila ukurasa, na ya wale waliobeba masanduku ya mawe kichwani hayapatikani. Bila wao hakuna jiwe moja lingefika Bulaya.

Sasa namna gani mtu anachora nchi ambayo hajawahi kuiona? Wakati ule hakukuwa ndege wala satelaiti. Wasafiri wa namna hiyo walikuwa wanatembea na busole na saa. Unaangalia upande unakoenda, unaandika: dakika arobaini kuelekea kusini-mashariki, mto wenye upana huu, halafu kijiji, halafu kilima upande wa kushoto. Ukijua mwendo wako kwa saa moja, unajua umekata kilomita ngapi. Usiku unapima nyota au mchana unapima jua, kujua uko digrii ngapi kusini ya ekweta (kwetu Luhwindja ni karibu digrii 3). Jioni unachora mstari wa njia yako. Hiyo ni karte ya njia. Inaonyesha vizuri pale mguu ulipopita, na pembeni inabaki nyeupe. Ule weupe hausemi hakuna kitu wala hakuna watu. Unasema tu kwamba mchoraji hakufika.

Lakini kazi ya Cornet mwenyewe ilikuwa mawe. Popote mto ulikata ukingo, popote mwamba ulitokeza, alisimama, akapiga nyundo, akaangalia rangi na chembe, akapima tabaka la mwamba limelala vipi: linateremka upande gani, na kwa mwinamo gani. Akaandika, akachukua kipande. Kesho yake, kilomita kumi mbele, anakuta tabaka lile lile, na pale anaweza kuyaunganisha mawili kwa akili, ingawa katikati kuna pori na udongo tu. Hapo ndipo pagumu, na ndipo pazuri. Mchimbaji wa zamani anajua jambo hili bila shule: ukiwa kwenye shimo, filon ikipotea, unaangalia jiwe la pembeni limeinama wapi, na unakisia utaikuta tena upande gani. Cornet alifanya vile kwa nchi nzima.

Alipita Kambove, alipita Likasi, akaona vilima ambavyo juu havina miti, majani tu, kwa sababu shaba iliyo katika udongo inazuia miti kukua. Akaona jiwe la kijani, malachite. Na akaona mashimo. Hili ndilo watu wengi wanalisahau wakisema Cornet alivumbua shaba ya Katanga. Mashimo yalikuwa pale, makubwa, ya kazi ya miaka na miaka. Wenyeji walikuwa wanachimba wakati wa kiangazi, wanayeyusha malachite katika tanuru za udongo kwa makaa ya miti, wanamimina shaba katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilisafiri mbali sana kama feza. Cornet alipelekwa kwenye mashimo na watu waliojua njia. Kwa hiyo hakuvumbua shaba. Alichofanya ni kuonyesha namna gani mashimo yale yote yanaungana, kwamba yako kwenye mawe ya aina moja, yaliyokunjwa kama nguo, na kwamba mtu akifuata mawe yale atakuta mashimo ambayo hayajachimbwa. Wenyeji walijua kila kilima kwa jina lake. Karte iliruhusu mtu ambaye hajawahi kufika pale kukijua pia, akiwa amekaa ofisini Bruxelles. Nguvu ya karte iko pale, na hatari yake pia.

Kampuni na mfalme walikuwa wanatumaini zahabu. Cornet alirudi Ubelgiji mwaka 1893 na habari za shaba, na shaba wakati ule, bila reli, haikuwa na faida: kuitoa katikati ya Afrika kwa vichwa vya watu ingekuwa gali kuliko bei yake. Mwaka 1894 alichapisha matokeo yake, pamoja na karte ya kijiolojia. Watu hawakukimbilia. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 tu, reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya kiwanda iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Karte ilingojea karibu miaka ishirini ndani ya karatasi.

Katikati ya miaka ile kulifanyika jambo ambalo creuseur wa leo atalitambua mara moja. Katika mapatano ya 1891, Compagnie du Katanga ilipewa theluthi ya ardhi na Etat ikabaki na theluthi mbili. Walipanga kugawa nchi kwa kare, kama ubao wa mchezo wa dame: kare hii yako, hizi zangu. Walichora mistari iliyonyooka juu ya milima, mito, vijiji na makaburi. Kwenye udongo ikawashinda kabisa. Ndiyo sababu mwaka 1900 waliweka mali yote pamoja na kuunda Comité Spécial du Katanga, wakagawana faida badala ya kare.

Kare zimerudi. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa nchi yote kwa kare, na kare moja ni hekta 84,955. Ni Cadastre Minier, CAMI, inayoshika karte hiyo. Sasa, ukiwekewa karte ya kadastri mbele yako kwenye mkutano, angalia vizuri: utaona mistari, rangi za permi, namba za permi na jina la mwenye permi. Nyumba hutaziona. Shamba la mihogo, chanzo cha maji, kanisa, hakuna. Nimekaa katika mkutano mmoja ambapo mzee wetu alitazama karte ya namna hiyo akafurahi, juu aliona kijiji chake hakikuguswa. Kumbe kijiji hakikuchorwa tu. Permi ilikipita juu.

Kwa hiyo kabla ya kusema karte inasema nini, uliza ni karte gani. Ya topografia inakuonyesha sura ya udongo: mito, njia, vijiji, na ile mistari ya mviringo ya mwinuko. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali, na ndipo udongo unaporomoka wakati wa mvua. Ikiachana, ni tambarare. Ya kijiolojia, ile ya Cornet, inatumia rangi kwa aina na umri wa mawe. Ndiyo inayoonyesha kwamba dhahabu yetu ya Twangiza haiko peke yake, iko kwenye mkanda mmoja unaoteremka Kamituga, Lugushwa, hadi Namoya. Ya kadastri inaonyesha haki, si mawe. Mtu anaweza kuwa na permi juu ya udongo mtupu, na mwingine akakaa juu ya dhahabu bila ruhusa ya kuigusa, juu creuseurs wanaruhusiwa kuchimba kisheria katika zone d'exploitation artisanale tu, ndani ya kooperative. Ukitaka kujua shimba lako na chanzo chenu viko wapi kwenye permi, lazima uweke ile ya kadastri juu ya ile ya topografia, kwa kipimo kimoja.

Kipimo nacho kinadanganya watu. Kwenye karte ya 1/50 000, sentimita moja ni mita 500, na kare moja inapata karibu sentimita 2 kila upande. Kwenye ya 1/200 000, sentimita moja ni kilomita 2, na kare nzima inafunikwa na ukucha wa kidole. Mtu akikuonyesha mpaka wa permi kwenye karte ndogo namna hiyo na kalamu nene, unene wa wino peke yake unaweza kumeza avenue nzima. Dai ile yenye kipimo kikubwa, na uliza mwaka. Permi zinauzwa, zinapunguzwa, zinaisha. Karte ya zamani ni kama kadi ya uchaguzi ya marehemu.

Cornet alirudi Kongo mwaka 1895, safari hii Bas-Congo, kuangalia mawe ya upande wa reli ya Matadi. Baada ya hapo aliishi maisha ya mwalimu. Alifundisha jiolojia Mons, kwenye shule ya mainjinia wa migodi, na wengi waliokuja kufanya kazi ku Katanga walipitia mikononi mwake. Aliandika vitabu vinene. Katanga hakuirudilia. Alikufa Mons tarehe 17 Mei 1929.

Jina lake lilipewa jiwe, cornétite. Ni la shaba na fosfati, rangi ya buluu kali, na liligunduliwa kwenye mgodi wa Étoile, karibu na Lubumbashi. Wenyeji waliuita mgodi ule Kalukuluku, na walikuwa wamechimba pale kabla ya karte yoyote.