Friedrich Froebel na Kazi ya Karatasi Darasani

Mwalimu anayewapa watoto karatasi, mkasi na gundi ili waunde mfano wa nyumba anafuata njia iliyosafishwa na waliomtangulia. Mmoja wao ni Friedrich Froebel wa Ujerumani. Yafaa mwanachuo ayafahamu maisha yake, kwa kuwa kazi hii hugeuka mchezo wa kupoteza wakati pale ambapo sababu yake haijulikani.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka, naye akakua katika upweke hadi alipochukuliwa na mjomba wake akiwa na umri wa miaka kumi. Alipofikia miaka 15 alipelekwa kujifunza kazi ya misitu, na mwaka 1799 akaingia Chuo Kikuu cha Jena. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt kwa nia ya kusomea usanifu wa majengo, lakini mkuu wa shule moja mjini humo alimshawishi afundishe. Hakurudi tena kwenye usanifu.

Mwaka huohuo alimtembelea Pestalozzi huko Yverdon, Uswisi, akaona jinsi watoto walivyofundishwa kwa kutazama na kushika vitu halisi. Baadaye akawa mwalimu wa nyumbani wa wavulana watatu, akawafundisha kuunda vitu kwa karatasi, kisha kwa kadibodi, kisha kwa mbao. Tuutazame mpangilio huo. Karatasi hukunjika kwa nguvu kidogo ya kidole, kadibodi hudai kupimwa, na mbao hazimsamehe aliyekosea kipimo. Ugumu uliongezeka kadiri mkono ulivyokomaa.

Baada ya kupigana katika vita dhidi ya Napoleon, mwaka 1814 alipata kazi katika jumba la madini mjini Berlin. Huko alichunguza fuwele, yaani mawe yenye nyuso bapa na kingo zilizonyooka, akazidi kuamini kwamba maumbo yote yana utaratibu ambao hata mtoto mdogo anaweza kuugundua. Mwaka 1816 alianzisha shule yake, na mwaka uliofuata akaihamishia Keilhau. Mwaka 1829 alitayarisha mpango wa shule nyingine huko Helba, ambamo kazi za mikono, zikiwamo za karatasi na kadibodi, zingekwenda sambamba na masomo. Mpango huo haukutekelezwa.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alianza huko Blankenburg kutengeneza vifaa vya watoto wadogo: mipira ya uzi, tufe, mcheduara, mchemraba, na mchemraba uliogawanywa katika vipande vinane. Pamoja navyo aliweka kazi za kukunja, kukata na kusuka karatasi. Mwaka 1840 aliiita shule yake bustani ya watoto.

Fikra yake yaweza kujaribiwa katika darasa lolote. Mpe mtoto sanduku la kadibodi alikunjue. Ataona kwamba kitu kizima kimetokana na nyuso bapa. Kisha achore mwenyewe miraba sita iliyoungana, kila upande sentimita 10, ili aunde mchemraba. Miraba hiyo itakunjwa mahali patano, nazo kingo 14 za nje zitakutana mbilimbili. Kwa hiyo panahitajika vikunjo saba tu vya kupaka gundi. Mwalimu asitaje idadi hiyo mapema. Mtoto aitafute kwa kukunja na kukosea. Afundishwe pia kupitisha ncha butu kando ya rula kabla ya kukunja, na kupaka gundi nyembamba, kwani gundi nyingi hulainisha karatasi na kupinda kingo.

Kwa madarasa ya juu, kazi hiyohiyo hufundisha skeli. Nyumba yenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 4, ikiundwa kwa skeli ya 1 kwa 50, itakuwa na urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 8. Ukuta uliokatwa kwa kipimo kisicho sahihi hautakutana na mwenziwe, na mtoto ataliona kosa lake bila kusahihishwa na mwalimu.

Mwisho wa Froebel ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake, kwa tuhuma za kueneza ukafiri na usoshalisti. Maandishi ya mpwa wake, Karl Froebel, yalidhaniwa kuwa yake. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1860. Juu ya kaburi lake yamewekwa maumbo matatu: mchemraba, mcheduara na tufe.

Shule zake zilipoenea ng'ambo, baadhi ya wafuasi waliwakunjisha watoto karatasi kwa amri, hatua kwa hatua, kama askari kwenye gwaride. Kazi ikabaki safi, lakini mtoto hakufikiri. Hatari hiyo ingalipo. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha asiwakatie watoto vipande vyote kabla ya somo. Mfano uliopinda, alioupima na kuugundisha mtoto mwenyewe, ndio unaostahili kuwekwa juu ya meza ya darasa.