Mwenye Heri Isidore Bakanja: Kwaresima ya Mtu Mwenye Vidonda



Kila mwaka tunapopakwa majivu, maswali yale yale hurudi katika jumuiya zetu. Tutafungaje wakati mgao wenyewe hautoshi? Tutatoa sadaka gani sisi tulioacha kila kitu? Na lile zito kuliko yote: tutawasameheje watu waliochoma nyumba zetu? Badala ya kujibu kwa maneno mengi, tumeona vema tuwaletee maisha ya mlei mmoja wa Kongo, kijana kibarua, ambaye hakuwa padre wala mtawa wala mtu wa shule kubwa. Ni Mwenye Heri Isidore Bakanja.

Kijana aliyetoka kwao kutafuta kazi

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1885 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, kwa watu wa Boangi, upande wa Ekweta. Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na watu wengi waliumia kwa ajili ya mpira uliokamuliwa msituni. Mnamo tarehe 15 Novemba 1908 nchi ilikabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji, lakini katika vituo vya makampuni bwana mkubwa aliendelea kuwa bwana mkubwa.

Bakanja alipokuwa kijana aliondoka kwao akaenda Mbandaka, uliokuwa ukiitwa Coquilhatville, akapata kazi ya kusaidia waashi. Huko ugenini ndiko alikokutana na wamisionari Watrapisti. Hakuzaliwa Mkristo. Alifundishwa dini akiwa mbali na mama yake, kati ya vibarua wenzake, baada ya kazi ya mchana kutwa. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa na kupewa jina la Isidore, jina la mtakatifu mkulima. Tarehe 25 Novemba mwaka huo huo akapata Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 akapokea Komunyo ya kwanza.

Wakristo wa kule walitambulikana kwa alama mbili: rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vile vipande viwili vidogo vya kitambaa vinavyovaliwa shingoni. Bakanja alivivaa kama mwingine avaavyo shati lake. Hakuvificha wala hakujivunia.

Imani mahali pasipo na kanisa

Baadaye alipata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa Mbelgiji mmoja wa kampuni, akamfuata hadi kituo cha Ikili. Pale hapakuwa na kanisa wala padre. Bakanja alifanya kazi yake vizuri, akasali nyakati zake, na wenzake walipotaka kujua sala aliwafundisha. Hivyo tu. Hakuwa na cheo cha ukatekista, lakini alifanya kazi ya katekista.

Msimamizi wa kituo, Mbelgiji aliyeitwa Van Cauter, aliwachukia wamisionari. Aliona kwamba watu wakijua kusali na kujua kuwa wote ni watoto wa Mungu mmoja, hawatakubali tena kutendewa kama wanyama. Alimkataza Bakanja kuwafundisha wenzake na kumwamuru avue skapulari. Bakanja alitii katika kazi zote, lakini katika hili hakutii. Akapigwa.

Tarehe 2 Februari 1909, siku Kanisa linapokumbuka kutolewa kwa Bwana hekaluni, msimamizi alimkuta tena na skapulari, akaing'oa shingoni mwake. Kisha akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliokuwa na misumari. Viboko vilipita mia moja. Mgongo wote ukawa kidonda. Baada ya hapo alifungwa minyororo miguuni, akatupwa kizuizini.

Alikimbia, akasema kweli, akasamehe

Hapa tuangalie vizuri mambo matatu aliyoyafanya, kwa sababu yanatuhusu sisi.

Kwanza, Bakanja alikimbia. Mkaguzi wa kampuni alipokaribia kufika, msimamizi alitaka kumpeleka mbali ili vile vidonda visionekane. Njiani Bakanja akajificha msituni. Kuokoa uhai siyo dhambi wala siyo kukosa imani. Sisi tuliolala porini na watoto mgongoni tunalijua hilo.

Pili, alisema kweli. Mkaguzi alipomkuta katika hali ile, Bakanja hakufunika jambo. Alieleza nani alimpiga na kwa sababu gani. Aliwaagiza pia rafiki zake kwamba wakimwona mama yake, au hakimu, au padre, wawaambie kuwa anakufa kwa sababu ni Mkristo. Basi kusamehe siyo kudanganya kwamba hakuna baya lililotendeka.

Tatu, alisamehe. Mkaguzi alimchukua, naye akauguzwa, lakini vidonda vilikuwa vimeoza na havikupona. Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 24 Februari, na Pasaka tarehe 11 Aprili. Kwaresima nzima ya 1909 Bakanja alikuwa na vidonda vile. Hakuna aliyehitaji kumwambia ajinyime kitu. Alibakiwa na kitu kimoja tu cha kumtolea Mungu: hasira yake. Mapadre wawili walipomfikia tarehe 24 Julai, wakamwungamisha, wakampa Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Walipomwomba amsamehe aliyemtesa, walimkuta hana chuki naye, akaahidi kumwombea hata mbinguni.

Aliishi majuma machache tu baada ya hapo. Jumapili tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alikufa akiwa na rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Sisi nasi

Ndugu wapendwa, Kwaresima ina nguzo tatu: sala, kufunga na matendo ya huruma. Sheria ya Kanisa ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu haimlazimishi mgonjwa, wala mtoto, wala mzee wa miaka sitini. Mama anyonyeshaye naye asijitese. Aliye na njaa tayari asidhani Mungu anamdai zaidi. Lakini kuna mfungo ambao hata mwenye sufuria tupu anaweza kuushika: kufunga mdomo tusiseme vibaya kabila la jirani kwenye foleni ya maji, kufunga mkono usimpige mke wala mtoto kwa sababu ya uchungu wa maisha, kufunga pombe ambayo inakula unga wa nyumba.

Na sala? Bakanja alisali kituoni kwa kampuni, kati ya kazi na kazi. Nasi tunaweza kusali fungu moja la rozari tukienda kuni, au jioni kabla ya kibatari kuzimwa. Wazazi, msingoje katekista apite. Watoto watajifunza ishara ya msalaba kwenu kwanza.

Kuhusu kusamehe, tusidanganyane kwamba ni jambo la siku moja. Wengine kati yetu tuna makaburi ambayo hatukuyachimba. Tusimlazimishe mwenzetu aseme amesamehe wakati moyo bado unavuja damu. Tuanze pale tunapoweza: kumtaja yule adui katika sala, hata kama mwanzoni ni jina tu na machozi. Yule kijana wa Bokendela alikuwa na miezi sita ya maumivu, naye alifika. Tukitembea pamoja katika jumuiya zetu, nasi tutafika.

Mwenye Heri Isidore Bakanja, utuombee.