Edmond Becquerel: Kijana aliyegundua umeme wa jua

Jina la Becquerel linapotajwa, wengi humkumbuka Henri, mwanafizikia wa Ufaransa aliyetuzwa Nobel mwaka 1903 kwa kugundua unururifu. Ni wachache wanaomkumbuka babake, Edmond, ingawa paneli za sola zilizotapakaa juu ya mapaa zina asili yake katika jaribio alilofanya akiwa kijana.

Edmond Becquerel alizaliwa jijini Paris mnamo Machi 24, 1820. Mtoto wa nyoka ni nyoka, kwani babake, Antoine César, alikuwa mtafiti mashuhuri wa umeme. Edmond alipata nafasi katika vyuo viwili vya hadhi, École Normale na École Polytechnique, lakini akazikataa ili awe msaidizi wa babake.

Uamuzi huo ulizaa matunda upesi. Mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 19, alitumbukiza vipande viwili vya platinamu katika maji yenye asidi. Alikuwa amevipaka utando mwembamba wa kloridi au bromidi ya fedha, kemikali zinazobadilika zinapopigwa na mwanga. Alipokimulika kipande kimoja na kukiacha kingine gizani, umeme ulipita.

Hata hivyo, umeme huo ulikuwa haba mno. Becquerel aligeukia mengine, na mwaka 1848 alifaulu kunasa rangi za mwanga wa jua katika picha, ingawa zilififia zilipoachwa mwangani. Mwaka 1878 alirithi kiti cha babake katika Makavazi ya Historia Asilia jijini Paris.

Alifariki Mei 11, 1891. Kufikia hapo, Mmarekani Charles Fritts alikuwa ameunda, mwaka 1883, seli ya seleni iliyofunikwa kwa dhahabu nyembamba. Ilibadilisha takriban asilimia moja tu ya mwanga kuwa umeme. Seli ya silikoni yenye manufaa ilipatikana Marekani mwaka 1954, miaka 115 baada ya jaribio la Paris.

Tangu hapo watafiti wamerejelea utando mwembamba, kwa kuwa hutumia malighafi kidogo. Katika miaka ya 1990, paneli ndogo za aina hiyo ziliwasha taa na televisheni katika maelfu ya nyumba za mashambani nchini Kenya.

Mwaka 2009, watafiti wa Japani waliunda seli za perovskaiti, kampaundi yenye bromini au iodini, ndani ya umajimaji, mithili ya chombo cha Becquerel. Zilibadilisha chini ya asilimia nne ya mwanga na kuharibika upesi. Leo, seli za perovskaiti zimepita asilimia 25 katika maabara, ingawa unyevu na joto vingali vikwazo.

Lau Antoine César angalimtaka mwanawe aonyeshe faida ya jaribio lile mwaka huo huo, huenda lingetupwa. Nchi zinazobania watafiti wake fedha zina funzo hapo.