Yale Alikuwa Msee, Si Kufuli Tu: Mchoraji Aliyefanya Ndai Yako Iweze Kutumia Ufunguo Mmoja

Wasee wenye ndai za zamani wanajua hii stori. Mlango wa dereva uligongwa, ukanunua mwingine Kirinyaga Road. Buti nayo ilitoka kwa gari lingine kabisa. Sasa mfukoni uko na funguo tatu: moja ya swichi, moja ya mlango, moja ya buti, na kila ukifika kwa parking unajaribu mbili kabla upate ile ya ukweli.

Habari njema ni kwamba hizo zote zinaweza kurudi kuwa moja bila kununua vitasa vipya. Na msee wa kushukuru ni yule ambaye jina lake umeliona kwenye makufuli tangu ukiwa mtoto, pengine ukidhani ni jina tu la kampuni. Linus Yale Junior alikuwa mtu, na mwanzoni hakuwa hata na haja na vitasa.

Alizaliwa 1821 huko jimbo la New York, Marekani. Mbuyu wake, Linus Yale Senior, alikuwa fundi wa vitasa vya benki, na alikuwa mkali. Lakini kijana alichagua brashi. Alikuwa anachora sura za watu, na ndiyo ilikuwa kazi yake akiwa barobaro. Karibu 1850 ndipo aliingia kwa karakana ya mzae, na mkono uliozoea kuchora ukageukia michoro ya mashine.

Kipindi hicho dunia ya vitasa ilikuwa na vita kama za marapa. Mwaka wa 1851 Mmarekani mmoja, Alfred Hobbs, alienda London kwenye yale Maonyesho Makubwa akafungua vitasa vya Chubb na Bramah bila ufunguo. Waingereza waliaibika si kidogo, maana kile cha Bramah kilikuwa kimekaa dirishani miaka na miaka na zawadi ya gini 200 juu yake. Hobbs alikuwa anauzia watu kitasa cha kampuni ya Day & Newell ya New York. Miaka michache baadaye, Yale Junior akakichukua hicho hicho kitasa akakifungua pia. Hapo jina likajulikana.

Lakini kazi yake kubwa ilikuja 1861 na 1865, alipopewa hataza za kitasa cha silinda chenye pini. Wazo la pini halikuwa lake. Wamisri wa kale walikuwa na vitasa vya mbao vya namna hiyo, na mbuyu wake alikuwa ameshalifanyia kazi. Kile Junior alifanya ni kuliweka ndani ya kasilinda kadogo na kaufunguo bapa chenye meno. Kila pini inasimama kwa urefu wake. Ufunguo sahihi ukiingia, zote zinajipanga mstari mmoja na silinda inazunguka. Ukibadilisha pini, umebadilisha ufunguo, na kitasa chenyewe kinabaki pale pale.

Tena alitenganisha silinda na komeo. Zamani ufunguo ulilazimika kuvuka unene wote wa mlango, ndiyo maana zilikuwa michuma mirefu. Sasa angalia mlango wa ndai yako: silinda iko nje hapo karibu na kishikio, komeo liko ndani kabisa pembeni, na katikati kuna kijichuma kinachoviunganisha. Hiyo ni akili ya Yale.

Magari mengi ya zamani hayana pini bali vibati vyembamba, ambavyo si kazi yake Yale, lakini mchezo ni ule ule. Fundi wa funguo anatoa bodi ya ndani ya mlango, anavuta klipu, silinda inatoka. Anaingiza ufunguo wa swichi kabla ya kuchomoa kiini, la sivyo vibati na springi vinaruka vyote na utavitafuta chini ya kiti hadi jioni. Ufunguo ukiwa ndani, vibati visivyolingana vinachomoza nje. Hivyo ndivyo vinahamishwa nafasi, au vinatolewa kwa silinda mzee ya gari la aina hiyo. Kuna mafundi wanapiga tupa vile vinavyochomoza. Inafungua, sawa, lakini ukizidisha, hata ufunguo wa jirani utafungua. Mwambie ahamishe kwanza.

Kitu kimoja cha kuangalia mapema: kama ufunguo wako hauingii kabisa kwa tundu la buti, mifereji haifanani, na hapo hakuna kupanga kutakaosaidia. Tafuta silinda ya familia moja.

Turudi kwa Yale. Jamaa alikuwa noma kwa kubuni lakini kiwanda kikubwa hakuwa nacho. Kwa miaka kadhaa alikuwa anafanyia kazi Shelburne Falls, Massachusetts. Oktoba 1868 akaungana na Henry Towne, kijana wa miaka 24 aliyejua mambo ya viwanda, wakaamua kujenga Stamford, Connecticut. Mambo ilikuwa inaiva. Siku ya Krismasi mwaka huo huo, akiwa New York kwa shughuli za kazi, moyo ukasimama. Alidedi akiwa na miaka 47, hata miezi mitatu haijaisha tangu mkataba.

Towne ndiye aliyeendesha kampuni kwa miongo iliyofuata, na baadaye ikaitwa Yale & Towne. Silinda zilitoka kiwandani kwa wingi ambao mwenyewe hakuwahi kuona. Binti yake, Madeline Yale Wynne, aliyejifunza kushika chuma kwenye karakana ya mzae, alirudi kule baba alikoanzia: akawa msanii, akichora na kutengeneza mapambo ya chuma.