Imamu Ahmad bin Hanbal kama Walivyomjua Wanawe

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, na jina la Imamu Ahmad bin Hanbal twalisikia zaidi wanapohesabiwa maimamu wanne. Anayemjua kupita hapo humjua kwa mijeledi aliyopigwa. Lakini Imamu huyu alikuwa na wana wawili wakubwa, Swaleh na Abdallah, waliosoma kwake na kuishi ubavuni mwake, na baada ya kufa kwake wakasimulia waliyoyaona nyumbani. Swaleh akakusanya sira ya baba yake. Mengi ya haya niyaandikayo asili yake ni wao.

Alizaliwa Baghdad, Mfungo Sita mwaka 164 (780). Baba yake alikufa angali kijana, mamake ndiye aliyemlea. Basi mtu huyu hakupata kuona kwa macho yake namna baba anavyokaa na watoto. Alisafiri kutafuta hadithi Kufa, Basra, Hijazi na Yemen, wala hakuoa mpaka alipofika umri wa miaka arubaini. Mkewe wa kwanza, Abbasa, ndiye mama yake Swaleh, aliyezaliwa mwaka 203. Na Rayhana ndiye mama yake Abdallah, aliyezaliwa mwaka 213. Imepokewa kuwa yeye na Abbasa walikaa miaka mingi pasi na kuhitilafiana hata kwa neno moja. Na watazame hapa wale ambao kwa wanafunzi ni asali, na wakifika majumbani mwao ni shubiri.

Maisha yao yalikuwa ya dhiki. Alikuwa na nyumba chache za urithi akipata kodi ndogo, na hiyo ndiyo riziki yake. Swaleh asema kuwa pengine baba yake alichukua tezo akaenda mwenyewe kutengeneza katika nyumba za wapangaji, na pengine alikwenda dukani akanunua mzigo wa kuni akaubeba kwa mkono wake, naye ni mtu ambaye watu walitoka Khurasani kuja kumsikiliza. Alikula mkate mkavu aliouchovya majini, kwa chumvi. Watoto wakinunua kitu kizuri walikificha asikione. Lakini Swaleh akiugua, baba yake alitwaa bakuli la maji, akayasomea, akampa anywe na kuoshea uso na mikono. Na kila alipozuru mcha Mungu aliyeupa dunia mgongo, alimwita Swaleh aje amtazame. Hakumhubiria, alitaka aone tu, huenda akatamani kuwa kama yule.

Naye Abdallah alimsikia baba yake usiku akimwombea sana Shafii, akamwuliza huyu Shafii alikuwa mtu gani hata aombewe hivi. Baba yake akamfahamisha kuwa Shafii kwa watu alikuwa kama jua kwa dunia na kama uzima kwa mwili. Nawakumbusha jambo hili wale wanaodhani kuwa kupenda imamu mmoja ni kuwachukia wenziwe.

Ikaja fitina. Mwaka 218 (833) Khalifa Maamun aliwalazimisha maulamaa wakiri kuwa Qurani imeumbwa. Wengi walikiri kwa hofu, Imamu Ahmad akakataa. Akafungwa kiasi cha miezi ishirini na minane, na mwaka 220 akapigwa mijeledi mbele ya Khalifa Mutasim hata akazimia. Swaleh alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, Abdallah mtoto wa saba. Aliporudishwa nyumbani alikuja mganga akamkata nyama iliyokufa mgongoni, na makovu yale wanawe waliyaona mpaka siku ya kumwosha. Abdallah asema alikuwa akisali rakaa mia tatu mchana na usiku. Mijeledi ilipomdhoofisha, zikawa mia na hamsini. Pamoja na hayo alimsamehe Mutasim, akaona kuwa hapati faida yoyote Muislamu mwenziwe akiadhibiwa kwa ajili yake.

Mtu wa namna hii yafaa tumtazame alipokasirika, na aliowakasirikia ni wanawe hawa hawa. Fitina ilipokwisha, Khalifa Mutawakkil alitaka kumkirimu, akampelekea dirhamu elfu kumi. Usiku ule hakulala. Alilia kuwa alisalimika na watu hawa hata uzeeni, na sasa wamemfikia. Kulipokucha akazigawa zote kwa mafakiri, mpaka na mfuko wake. Kisha Khalifa akawaandikia watoto wake mshahara wa kila mwezi. Akawasihi wasipokee. Wakapokea, kwani walikuwa na watoto wengi na madeni. Basi Imamu akaziba mlango uliokuwa baina ya nyumba yake na ya Swaleh, akaacha kula chochote kitokacho kwao. Siku moja aliletewa mkate upesi mno, akauliza. Alipoambiwa umeokwa katika tanuri ya Swaleh, akauondosha mbele yake, naye ana njaa. Hakuwatukana wala hakuwalaani. Na aliyetuhadithia habari hii si adui wa Swaleh, ni Swaleh mwenyewe. Mimi sijui wana wangapi wa mashekhe wangeliyaandika haya.

Alipougua maradhi ya mwisho walikuwa naye. Swaleh alimshika akasali, akimwinua kutoka katika rukuu. Alikuwa amesikia kuwa mmoja wa wema waliotangulia alichukia mgonjwa kuugulia, naye akajizuia asiugulie mpaka usiku wa kufa kwake. Waliletwa watoto wadogo, akawa akiwapapasa vichwa, machozi yakimtoka. Akafariki siku ya Ijumaa, Mfungo Sita mwaka 241 (855). Wako waliosema kuwa siku ile walisilimu Mayahudi, Manasara na Majusi elfu ishirini. Hafidh Dhahabi ameikanusha habari hiyo, wala sisi hatuihitaji.

Abdallah alibaki na Musnadi ya baba yake, hadithi zaidi ya 27,000 pamoja na zilizorudiwa, akaisomesha mpaka alipokufa mwaka 290. Swaleh, kwa uzito wa deni na wingi wa watoto, alikubali kuwa kadhi wa Isfahan. Alipofika alianzia msikitini, akasali rakaa mbili, watu wakakusanyika, ikasomwa barua ya Khalifa ya kumtawaza. Naye akalia hata waliokuwapo wakalia pamoja naye. Walipomwombea kheri akawaambia kuwa amemkumbuka baba yake, lau angemwona katika hali ile. Kwani alikuwa amevaa nguo nyeusi za watumishi wa serikali. Na kila siku akitoka barazani pa hukumu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuzivua nguo zile.