Mkono Uliotia Sahihi Uongo

Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Wengi wetu hudhani kwamba amri hii ni ya mahakamani tu, tena kwamba mtu akisema uongo juu ya nafsi yake mwenyewe, basi hakuna jirani aliyeumizwa. Safari hii tumeona vema kuwaletea maisha ya Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, tujifunze kwake.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1489 katika kijiji cha Aslockton, Uingereza, akasoma na kufundisha Cambridge. Alikuwa mtu wa vitabu, mpole, asiyependa ugomvi. Mwaka 1532, akiwa tayari padre, alioa kwa siri huko Nuremberg, Ujerumani, maana siku zile mapadre walikatazwa kuoa. Mwaka uliofuata Mfalme Henry wa Nane akamfanya Askofu Mkuu. Ilimpasa kuapa kumtii Papa. Kabla ya kuapa, alitamka mbele ya mashahidi kwamba kiapo hicho hakitamfunga kinyume cha sheria ya Mungu wala ya mfalme, kisha akaapa. Huenda sheria iliridhika. Lakini sisi twaona hatari hapo: mtu aliyezoea kusema neno moja na kushika jingine moyoni, siku ya hofu kubwa ataona njia hiyo imekwisha kulimwa.

Kazi yake iliyo kubwa kwetu ni Kitabu cha Sala, kilichotoka mwaka 1549 na kutengenezwa upya mwaka 1552. Katika hicho cha pili Amri Kumi ziliwekwa mwanzoni mwa Ibada ya Ushirika Mtakatifu. Padre azisome moja moja, na watu wote, wamepiga magoti, waombe rehema kwa kila amri. Hivyo Cranmer aliwafundisha Wakristo kuisikia amri ya tisa kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Hakujua itakavyomrudia.

Mwaka 1553 Malkia Mary alishika ufalme akairudisha nchi chini ya Papa. Cranmer alihukumiwa kwa uhaini, kisha kwa uzushi, akafungwa Oxford pamoja na Maaskofu Ridley na Latimer. Tarehe 16 Oktoba 1555 wenzake hao wawili walichomwa moto nje ya ukuta wa mji, wala hawakukana. Cranmer alibaki peke yake, mzee wa miaka 66, akijadiliwa na kusihiwa siku baada ya siku. Mwanzoni mwa mwaka 1556 moyo ulimlegea. Alitia sahihi karatasi moja, kisha nyingine, hata zikafika sita.

Hapa ndipo tuipime vizuri amri. Kwa sura ya nje aliandika habari za imani yake mwenyewe tu. Lakini karatasi zile zilishuhudia pia juu ya Ridley na Latimer, kwamba walikufa kwa ajili ya kosa. Zilishuhudia juu ya maelfu waliosali kwa maneno aliyowaandikia, kwamba aliwadanganya. Uongo wake juu ya nafsi yake ukawa ushuhuda wa uongo juu ya jirani zake wote. Wala haukumwokoa, maana Malkia aliazimia afe hata hivyo. Ndiyo maana wazee husema njia ya mwongo ni fupi.

Tarehe 21 Machi 1556 alipelekwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria, Oxford, akane mara ya mwisho mbele ya watu. Aliomba, akawaonya watu waishi vema. Alipofika mahali pa kukana, aliyaacha maneno yaliyotazamiwa. Alikiri kwamba aliandika kwa kuogopa kifo, yasiyokuwa moyoni mwake, na kwa kuwa mkono wake wa kuume ndio ulioandika, huo ungeungua kwanza. Kukawa na makelele, akashushwa. Alikwenda kwa haraka mpaka mahali walipofia wenzake, na moto ulipowaka aliunyosha mkono ule ndani yake.

Wako wasemao kwamba alisema kweli kwa sababu hakuwa na la kupoteza tena. Sisi hatukubali. Angaliweza kufa akisifiwa na wakubwa waliokuwapo, lakini alichagua kufa akiwa amewarudishia jirani zake haki yao. Tena hakukiri faraghani. Uongo wake ulikuwa umetangazwa, basi na toba yake akaitangaza.

Nasi tuna kalamu. Twatia sahihi hesabu za sadaka, mihutasari ya baraza, barua za kumsifu kijana anayetafuta kazi, ushahidi wa mipaka ya shamba. Mara nyingi hatuandiki uongo kwa chuki, bali kwa kumwogopa mkubwa au kwa kuepuka maneno. Kabla ya kutia sahihi, tuulize ni jirani gani atakayebeba mzigo wa neno hili. Na kama tumekwisha kuandika, turudi kwa wale wale waliotusikia, tuseme kweli mahali pale pale. Mungu atupe moyo huo mapema, kabla moto haujawashwa. Amina.